Muuza Chai wa Ukurasa wa Tisa

Inspekta Nguzo alikufa Alhamisi, saa tatu kasorobo usiku,
redioni, kwa risasi moja na muziki wa kufungia.
Wiki iliyofuata wakaweka kipindi cha kilimo.

Mimi sikukubali.
Nilikuwa karani wa mapokezi, zahanati ya Makorora,
na fomu za zamani zilijaa stoo, upande mmoja mtupu.
Nyuma ya Jina, Umri, Mtaa,
nikamfufua.
Nikampitisha mapango ya Amboni akivuja damu,
nikamtoa upande wa pili na koti lake lilelile,
kiberiti kilekile, kikohozi kilekile
alichokibuni mtu mwingine kabla yangu.
Miaka minne. Fomu mia sita na kitu.
Mume wangu alidhani ni kazi ya serikali.

Fomu moja niliisahau mfukoni mwa sare
nilipoipeleka kwa Shekue, Barabara ya Saba, apunguze kiuno.
Nilivyorudi, sare haijaguswa.
"Jumamosi baada ya isha," akasema,
"mlango utakuwa nusu. Iname, uingie."

Niliinama.
Hoza, mlinzi wa benki, na riwaya ya vita isiyokwisha,
kaifunga kwa kamba ya mkonge.
Bi Mwanakheri, anayehesabu mizani kwa vidole
hata akijibu salamu.
Na Zainati wa kidato cha tatu, mguu juu ya pedali ya cherehani bovu,
akasoma daftari lake,
nami nikakisikia kikohozi kile.

Kumbe naye alimfufua!
Kwake Inspekta kapoteza kumbukumbu, kalazwa Muheza,
sasa anauza machungwa hajijui jina.
Nilicheka mpaka nikalia.
Marehemu mmoja,
tumemficha nyumba mbili bila kuambiana.

Zamu yangu nikasoma kurasa ishirini.
Nikangoja wamtaje Inspekta.
"Yule mwanamke," akasema Hoza.
Yupi?
"Ukurasa wa tisa. Muuza chai wa stesheni.
Anampa barua, halafu anafuta jagi kwa upindo wa kanga.
Anamfutia nani, na treni haiji?"
Nikasema nilimweka ili barua ifike.
"Barua imefika," akasema Zainati. "Yeye je?"

Bi Mwanakheri akachana kipande cha karatasi ya vipimo,
akaandika, akanisukumia:

   Nguo ni ya kuazima, haisitiri ujuwe,
   Wenda watazama nyuma, mwenyewe asichukuwe,
   Chako kijapokuchoma, kivae usikivuwe,
   Kitambaa tumepima, mkasi uuinuwe.

Nilikasirika.
Nilikokota baiskeli hadi nyumbani, sikuipanda.
Wiki tatu sikwenda.
Nikampeleka Inspekta Pangani, nikamchomea ghala,
nikampa mapacha.
Akawa anakohoa tu, ananitazama,
kama mgeni aliyekwisha kula na hajui atoke vipi.

Usiku mmoja, umeme umekatika, nikachukua fomu
nikaiwasha mshumaa ubavuni,
na kwa mara ya kwanza sikuigeuza.
Jina: Mboni binti Kidege.
Umri: arobaini na moja, au anavyosema.
Mtaa: Chumbageni, nyuma ya reli.
Anasumbuliwa na nini:
hapo kalamu ilisimama, mshumaa ukala kidole kizima.
Kisha nikaandika kwamba asubuhi hupika chai ya watu thelathini
kwa sababu mkono haujui kupika ya mmoja.

Nafasi ya maelezo haikutosha.
Nikachukua fomu nyingine.

Inspekta alipita alfajiri, akaomba kikombe.
Mboni akammiminia, akapokea hela, akahesabu chenji.
Kuja kwao Tanga ndivyo kulivyo:
waja leo, waondoka leo.
Sikumfuata kona aliyopinda.

Jumamosi nikainama tena mlangoni, fomu tano mkononi.
Zainati akaniuliza Inspekta yuko wapi.
Nikamwambia mtafute Muheza, kwenye machungwa.
Hoza akasema sentensi yangu ya kwanza ni mbovu.
Nikamwomba Shekue kalamu.
Akanipa chaki.